Balbu Haififii Peke Yake: Anzeni na Swichi

Leo naweka kando mada zetu za kawaida za programu na tarakilishi, ingawa mkinivumilia mtaona kwamba sijaenda mbali sana. Nataka tuzungumze juu ya balbu. Naam, balbu za nyumbani, zile tunazowasha bila kufikiri na kuzikumbuka tu siku zinapoungua.

Watu wengi ninaowajua wamekwisha kuhamia LED, na hilo ni jema. Sasa wanapiga hatua ya pili: wanataka balbu za LED ambazo mwanga wake unaweza kufifishwa, ziwe kali wakati mtoto anafanya kazi ya shule na ziwe za upole wakati wa kutazama filamu. Wanaenda dukani, wanaona neno "dimmable" kwenye boksi, wanalipa zaidi ya bei ya balbu ya kawaida, wanarudi nyumbani wakiwa na furaha. Kisha balbu inaanza kupepesa kama taa za disko, au inavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, au haifanyi lolote hadi swichi ifike katikati ndipo iwake kwa ghafla.

Hoja yangu naisema mapema ili asiye na muda aondoke nayo: lile neno kwenye boksi ni nusu ya ahadi. Kufifia si sifa ya balbu peke yake, ni makubaliano kati ya balbu na swichi iliyo ukutani. Anayenunua balbu kabla ya kuijua swichi yake anacheza bahati nasibu kwa pesa zake mwenyewe.

Stima inakatwakatwa

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Stima inayokuja majumbani mwetu hapa Kenya ni ya volti 240 na inabadilisha mwelekeo, inaenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukiichora kwenye karatasi utaona mawimbi, na kila wimbi lina nundu mbili, moja juu na moja chini. Kwa hiyo kila sekunde kuna nundu 100.

Swichi ya kufifisha, ambayo mafundi wengi huiita dima, haipunguzi volti kama bomba la maji linavyopunguza maji. Inachofanya ni kukata kipande cha kila nundu. Ukizungusha kitufe nusu, inaacha nusu ya nundu ipite na nusu nyingine inaizuia, mara 100 kwa sekunde. Dima ya namna hii, yenye vipande vya kielektroniki ndani yake, ilibuniwa na Mmarekani Joel Spira mwaka 1959. Mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya Lutron ili kuitengeneza na kuiuza.

Kumbukeni mwaka huo. Mwaka 1959 balbu ya nyumbani ilikuwa ile ya waya mwembamba unaowaka kwa joto. Waya ule ni mvivu. Ukiikatia stima kwa sehemu ndogo ya sekunde, joto lake halijapata muda wa kupungua sana, nundu nyingine imeshafika. Jicho halioni mkato wowote, linaona mwanga uliopungua tu. Uvivu wa waya ndio uliomsaidia Spira.

LED si mvivu hata kidogo. Nick Holonyak alionyesha LED ya mwanga mwekundu mwaka 1962, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyotuwezesha kupata mwanga mweupe. Kitu hiki huwaka na kuzimika papo hapo. Ukikata stima yake nacho kinakatika, na hakina joto la kukificha.

Draiva, si dereva

Isitoshe, LED haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na volti 240. Ndani ya kila balbu ya LED, pale chini karibu na kitako, kuna saketi ndogo inayogeuza stima ya kwenda na kurudi iwe ya mwelekeo mmoja na kuhakikisha kiasi kinachofika kwenye LED hakibadiliki. Saketi hiyo inaitwa draiva. (Nasi watu wa tarakilishi tuna draiva zetu, zile za printa zinazotutoa jasho. Undugu wao si wa jina tu, subirini.)

Kazi ya draiva ya kawaida ni kulinda mwanga usiyumbe. Volti zikishuka kwa sababu jirani amewasha mashine ya kuchomelea vyuma, draiva inajitahidi mwanga ubaki vile vile. Sasa mpe draiva huyu dima. Dima inakata nundu ikimaanisha "punguza mwanga". Draiva anaona stima imepungua, anadhani kuna hitilafu, anavuta zaidi ili kuziba pengo. Mmoja anavuta huku, mwingine kule. Ndiyo maana balbu isiyo ya kufifishwa haipaswi kabisa kuwekwa kwenye dima. Itapepesa, itapata moto kuliko ilivyokusudiwa, na haitaishi miaka uliyoahidiwa.

Balbu iliyoandikwa "dimmable" ina draiva mwerevu zaidi. Anazitazama zile nundu zilizokatwa, anakisia umezungusha kitufe kiasi gani, kisha anapunguza mwanga kwa kadiri hiyo. Ona basi: waya ule ule unaoleta chakula ndio unaoleta ujumbe. Ni kama kuwasiliana na mtu kwa kumbana pumzi, ukimbana kidogo anaelewa "polepole", ukimbana sana anaelewa "karibu uzime". Ajabu si kwamba wakati mwingine mambo yanakwenda mrama. Ajabu ni kwamba yanakwenda sawa hata mara moja!

Kwa mwandishi wa programu hadithi hii ni ya kawaida. Tuna kiolesura kilichoundwa kwa ajili ya mteja wa zamani, mteja huyo ameondoka, mteja mpya amekuja na tabia tofauti kabisa, lakini kiolesura kimebaki ukutani kwa sababu hakuna anayetaka kuvunja ukuta. Kila mtengenezaji wa balbu amejaribu kukisia kiolesura kile kwa njia yake. Ndiyo maana balbu mbili zenye neno lile lile kwenye boksi zinaweza kuwa na tabia mbili tofauti kwenye swichi moja. Wenzetu Marekani waliliona tatizo hili, na mwaka 2013 chama chao cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA, kilitoa kiwango kiitwacho SSL 7A kueleza jinsi dima na balbu za LED zinavyopaswa kuelewana. Lakini kiliandikwa kwa ajili ya stima ya kwao. Usidhani kwamba boksi la Marekani linazungumza na ukuta wa Nakuru.

Swichi ya zamani na watu wapya

Kuna aina mbili kuu za dima. Ya kwanza inakata mwanzo wa kila nundu, na hii ndiyo ya zamani, ya bei nafuu, iliyojaa kwenye nyumba zilizojengwa enzi za balbu za waya. Ya pili inakata mwisho wa nundu, na mara nyingi huelewana vizuri zaidi na LED kwa sababu stima inaanza polepole badala ya kugonga ghafla.

Dima ya zamani ina tatizo jingine ambalo watu hawalitazami: ina kiwango cha chini cha mzigo. Utakuta imeandikwa, kwa mfano, wati 60 hadi 400. Maana yake ni kwamba ikiwa vitu vilivyounganishwa nayo vinakula chini ya wati 60, haina hakika ya kufanya kazi. Zamani hilo halikuwa jambo, kwani balbu moja tu ya waya ilikula wati 60. Leo balbu ya LED yenye mwanga kama huo, lumeni 800 hivi, inakula wati 9. Weka nne sebuleni, jumla ni wati 36. Bado hujafika mlangoni! Dima inashika, inaachia, inashika tena, na wewe unaona kupepesa na kumlaumu mwenye duka la balbu.

Wala upande wa juu usikudanganye. Usichukue 400 ukagawanya kwa 9 ukasema utaunganisha balbu 44. LED inapowashwa huvuta stima kwa mshtuko mkubwa wa muda mfupi, na kwa sababu hiyo dima nyingi zina kiwango tofauti cha LED, kilicho chini sana kuliko kile cha balbu za waya. Kama hakikuandikwa, uliza. Kama muuzaji hajui, nenda duka jingine.

Wenye sola na betri nao wana lao. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini, hutoa ngazi ngazi za mraba. Dima inayotegemea umbo la wimbi ili kujua ikate wapi huchanganyikiwa. Ukiwa na inveta ya namna hiyo, achana na dima ya ukutani kabisa.

Uongo wa kuokoa pesa

Sasa nafika kwenye jambo linaloniudhi. Nimesimama katika duka moja jijini Nairobi nikamsikia muuzaji akimwambia mama mmoja, "Mama, chukua hizi za kufifisha, bili yako itapungua nusu." Tufanye hesabu pamoja, kwa kalamu.

Chukua balbu nne za waya za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku. Kwa siku 30 zinakula uniti 36. Badilisha uweke LED nne za wati 9. Sasa zinakula uniti 5.4. Tukichukua shilingi 30 kwa uniti kama mfano wa kurahisisha hesabu, umetoka shilingi 1,080 hadi 162. Umeokoa 918 kila mwezi. Hiyo ni pesa ya maana, na imeletwa na LED ya kawaida kabisa, ile ya bei ya chini.

Haya, zififishe hizo LED ziwe nusu kila usiku, mwezi mzima. Ukibahatika utaokoa uniti 2.7, yaani shilingi 81. Toa gharama ya dima mpya, gharama ya fundi, na tofauti ya bei ya balbu nne. Utangoja sana! Na kama tayari nyumba yako inatumia LED, basi ile 918 ulishaipata zamani, na mtu akikuuzia "kuokoa" anakuuzia shilingi 81.

Kwa hiyo, je, nasema kufifisha ni anasa ya matajiri wa mitaa yenye mageti? La. Nasema tukifanye kwa sababu ya kweli. Mama yangu ana zaidi ya miaka sabini, na anapokuja kukaa nasi huamka usiku mara mbili au tatu. Akiwasha taa kali ya korido anapofuka kwa muda na kuegemea ukuta. Asipowasha, kuna ngazi mbili pale na anaweza kuanguka, na kuanguka katika umri wake si jambo la kupaka dawa ya kuchua na kusahau. Kwake yeye mwanga mdogo ulio imara ni usalama. Vivyo hivyo kwa mzazi anayembadilisha mtoto nepi saa nane usiku bila kutaka aamke kabisa, au mtu ambaye kichwa humuuma akikaa chini ya mwanga mkali baada ya siku nzima mbele ya kioo cha tarakilishi.

Lakini angalieni: mtu huyo wa kichwa kuuma ndiye anayeumizwa zaidi na balbu inayopepesa. Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mapendekezo, nambari 1789, kuhusu mwanga wa LED unaopepesa na afya. Kwa mwanga unaopepesa mara 100 kwa sekunde, kama wetu, mapendekezo hayo yanahesabu mabadiliko yasiyozidi asilimia 8 kuwa ya hatari ndogo. Jicho halitakuonyesha kupepesa kwa kasi hiyo, ila kichwa kinaweza kukuambia. Mwanga mdogo unaopepesa ni mbaya kuliko mwanga mkali uliotulia. Ndiyo maana nasema hapa pana jambo zito kuliko ufahari wa sebule.

Mambo mawili ambayo boksi halisemi

La kwanza ni jicho lako. Jicho halihesabu mwanga kama mashine. Mwanga ukishuka hadi robo, jicho linaona kama nusu. Ukishuka hadi asilimia 10, jicho linaona kama asilimia 30 na ushee. Kwa hiyo balbu inayojisifu kwamba "hushuka hadi asilimia 10" itaonekana bado ina mwanga mwingi ukilala. Kwa chumba cha kulala tafuta inayoshuka hadi asilimia 5 au chini zaidi.

La pili ni rangi. Balbu ya waya ikififia hugeuka kuwa ya rangi ya makaa, na sisi tumezoea kwamba mwanga mdogo ni mwanga wa moto. LED nyingi hazifanyi hivyo, zinabaki na rangi ile ile. Madukani kwetu kumejaa balbu nyeupe kali za kelvini 6500, kwa kuwa zinaonekana zina mwanga mwingi zikijaribiwa dukani. Fifisha balbu hiyo usiku uone: chumba kinakuwa cha kijivu kama asubuhi ya Julai kule Limuru. Chagua 2700 au 3000 kwa sebule na chumba cha kulala, hata kama muuzaji atakuambia zile ni "za manjano, za zamani".

Basi tufanyeje?

Anza na swichi. Ikiwa hakuna dima ukutani, jiulize kwanza kama unahitaji. Ikiwa ipo, soma maandishi yake: aina yake, kiwango cha chini, kiwango cha LED. Kuitoa ukutani si kazi ya kujaribu kwa bisibisi ya jikoni. Zima swichi kuu, na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kisha tazama tovuti ya mtengenezaji wa balbu. Watengenezaji makini huchapisha orodha ya dima walizozijaribu na balbu zao. Asiye na orodha amekuachia wewe kazi ya kujaribu.

Halafu nunua balbu MOJA. Si sita, hata kama kuna punguzo. Kabla ya kulipa kubaliana na muuzaji kwamba ikikataa utairudisha, na hakikisha kitako ni sawa, pini au skrubu. Ikae kwenye dima yako usiku tatu. Ishushe hadi mwisho, usikilize kama inavuma. Izime ukiwa umeishusha, kisha iwashe tena, uone kama inaamka. Izime kabisa, uone kama inabaki na mwanga wa mzimu. Fungua kamera ya simu uielekeze kwake. Ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye picha, mwanga unapepesa. Kamera si kipimo cha maabara, ila ni shahidi wa kutosha kukuzuia kununua tano nyingine. Na kwa sababu ya ule mzigo wa chini, kumbuka kwamba moja ikisumbua huenda nne zikatulia, au kinyume chake. Ongeza moja moja.

Na wapangaji, ambao ndio wengi wetu? Ukuta si wako, na mwenye nyumba hatakurudishia gharama ya dima. Kwenu ushauri wangu ni rahisi: acheni swichi ya kawaida kama ilivyo. Chukueni balbu inayofifishwa kwa rimoti au kwa simu, ambayo stima yake haikatwi na ujumbe unakuja kwa njia nyingine, au nunueni taa ya mezani yenye kitufe chake cha kufifisha. Siku mkihama mnaondoka nayo. Ila msiweke balbu ya rimoti kwenye dima ya ukutani, mabosi wawili kwa mfanyakazi mmoja!

Kwa upande wa wauzaji na waagizaji, ombi langu ni moja. Kando ya lile neno "dimmable", andikeni mstari mmoja zaidi: inaelewana na dima ya aina gani, inashuka hadi asilimia ngapi. Sisi tunaoandika programu hatuwezi kuuza kitu tukasema "inafanya kazi kwenye kompyuta" tukanyamaza. Mteja atauliza ipi, na toleo gani. Mnunuzi wa balbu ana haki ya kuuliza vivyo hivyo, na akizoea kuuliza, boksi litajifunza kujibu.

Ni hayo tu kwa leo. Kabla ya kwenda dukani Jumamosi, piteni kwanza ukutani mkasome swichi.